Malisho yetu Mkomazi: katikati hapaoti nyasi hata mvua ikinyesha. Huu ni udongo gani?

Katibu_Mkomazi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa udongo, hasa mliopita kituo cha utafiti cha Mlingano au chuo kikuu cha kilimo, SUA.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji upande wa Mkomazi, wilaya ya Korogwe. Ukitoka Mombo kwenda Same, mkono wa kulia una milima ya Usambara, mkono wa kushoto ardhi inateremka taratibu kuelekea mtoni. Kijiji kimetenga eneo la malisho ya pamoja kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kikundi chetu ndicho kilichopewa kulitunza.

Eneo lina sura tatu. Juu, karibu na miguu ya milima, udongo ni mwekundu, kuna migunga na mibuyu, na masika yakikaa vizuri nyasi zinafika magotini. Chini kabisa ni mbuga: udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika haupitiki. Shida yetu ni katikati. Pale ardhi ni ya kijivu, imelala sawa, ina vipara vikubwa visivyo na jani. Ikinyesha maji yanasimama, yamevurugika, na hayatui hata yakikaa siku nyingi. Yakikauka panabaki gamba linalovunjika vigae vigae. Miti ni miswaki na vichaka vya miiba tu. Ng'ombe wanapenda sana kwenda kulamba pale.

Vuli iliyopita tulinunua mbegu za nyasi za Cenchrus ciliaris tukapanda eneo lote. Kwenye wekundu zimetoka, kwenye kijivu hakuna kitu. Muuza pembejeo mmoja akatuambia udongo una asidi, tununue chokaa. Kabla sijawachangisha wanachama hela nikapeleka maabara udongo wa sehemu ya kijivu. Majibu ni haya:

Sentimita 0 hadi 15: mfinyanzi 14%, pH 7.4.
Sentimita 15 hadi 45: mfinyanzi 38%, pH 9.1, uwezo wa kushika madini 22, sodiamu 6.6 (vyote viwili kwa sentimoli kwa kilo).

Tabaka hilo la pili nililitoa kwa mtaimbo, jembe lilikataa kabisa.

Naomba kujua: huu ni udongo wa aina gani, chokaa itasaidia, na imekuwaje eneo moja linalonyeshewa mvua moja liwe na udongo wa aina tatu?

---

Machungwa_Muheza

Mkuu Katibu, pole. Huku kwetu Muheza, upande wa kupanda Amani, tuliweka chokaa kwenye shamba lililokuwa limechoka na mahindi yakabadilika rangi msimu huo huo. Mimi ningekushauri ujaribu kipande kidogo kwanza. Ila hiyo pH yako naona iko juu, ngoja wataalamu waje.

---

Mzee_wa_Shimo

Katibu, na wewe wa Muheza, nawasalimu.

Nianze na la haraka: msinunue chokaa. Ndugu wa Muheza amesema kweli kuhusu shamba lake, lakini udongo wake na wako ni wa pande mbili zinazopingana. Amani na Muheza ya juu zinapokea upepo wa bahari moja kwa moja, mvua ni nyingi, na maji yanayopenya ardhini yameosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kwa miaka isiyohesabika. Kilichobaki ni udongo wenye asidi, na huko chokaa ina kazi. Ukivuka mgongo wa milima ukashukia Mkomazi, mvua imeshaishia juu. Jua linavuta maji mengi kuliko yanayonyesha, kwa hiyo madini yanayoteremshwa na maji kutoka mlimani yanabaki tambarare. pH ya 9.1 si asidi hata kidogo, ni magadi. Na kwenye pH hiyo chokaa haiyeyuki. Mtaimwaga, itakaa pale pale ilivyo.

Kazi ya kupima udongo nimeifanya sehemu kubwa ya maisha yangu nikitokea Mlingano, na tambarare ya kutoka Mazinde mpaka Buiko naijua kwa miguu. Maji yasiyotua, gamba la vigae, miswaki, ng'ombe wanaolamba, tabaka linalokataa jembe: kwa maelezo hayo tu, kabla ya kufika kwenye karatasi ya maabara, nilijua tuko wapi.

Sasa tuisome karatasi. Chukua sodiamu 6.6 uigawe kwa 22, unapata asilimia 30. Maana yake, katika nafasi zote ambazo chembe za mfinyanzi zinashikilia madini, karibu theluthi imekaliwa na sodiamu. Mpaka unaotumika ni asilimia 15. Wewe umeupita mara mbili.

Sodiamu inafanya nini? Kalsiamu ikizishika chembe za mfinyanzi inazikusanya, zinakuwa vidonge vyenye matundu, maji na hewa vinapita. Sodiamu inazitawanya. Mvua ikinyesha chembe zinaachana, zinaelea, zinashuka na maji kidogo tu ardhini halafu zinaziba kila tundu. Ndiyo maana mfinyanzi wako unaruka kutoka 14% hadi 38% katika kina kifupi hivyo, na ndiyo maana maji ya madimbwi hayatui. Mbegu yako imepata tabaka la sentimita 15 linaloloa na kukauka haraka, chini yake sakafu ambayo mzizi mchanga hauwezi kuipenya. Mbegu haina kosa.

Fanya jaribio hili mbele ya wanachama, litamaliza mabishano kuliko karatasi yoyote. Kinga maji ya mvua. Ya kisima yana chumvi na yatakupotosha. Yamimine kwenye glasi inayoonyesha ndani, halafu dondosha donge kavu la ukubwa wa punje ya hindi kutoka lile tabaka gumu. Usitikise, usikoroge. Kwanza utaona viputo vya hewa. Baada ya dakika kadhaa donge linazungukwa na wingu jepesi, kingo zake zinafifia, wingu linatambaa kwenye sakafu ya glasi, halafu linapanda. Ukirudi saa mbili baadaye maji yote yamechafuka na donge huliko. Glasi ya pili weka donge la udongo mwekundu. Hilo linaweza kubomoka likawa kirundo, lakini maji juu yake yanabaki maangavu. Tofauti ya glasi hizo mbili ndiyo shida yenu yote.

Kuhusu jina. Mfumo unaotumika kimataifa, ule wa WRB ambao toleo lake la 4 lilitoka mwaka 2022, una makundi makuu 32. Udongo wako wa kijivu, kwa dalili hizi, ni Solonetzi. Sharti lake ni tabaka la chini lenye mfinyanzi ulioongezeka, sodiamu ya asilimia 15 au zaidi, na umbo la nguzo au michi. Hilo la umbo hujaliona kwa sababu ulitoa udongo kwa mtaimbo. Ukichimba shimo lenye ukuta uliosimama, uusafishe kwa ncha ya kisu, naamini utaona nguzo zimepangwa wima, vichwa vyake vimeviringika na vimepauka kwa juu. Ukishaziona mara moja huzisahau.

Watu wengi wanachanganya Solonetzi na Solonchaki. Solonchaki ni ardhi ya chumvi nyingi iliyoyeyuka, mara nyingine inaonekana nyeupe juu. Chumvi nyingi kiasi hicho hukusanya chembe, haizitawanyi, na maji yake ya madimbwi huwa safi. Solonetzi chumvi yake iliyoyeyuka inaweza kuwa ndogo. Ubaya wake ni sodiamu iliyong'ang'ania mfinyanzi. Dawa zake ni tofauti, ndiyo maana jina lina umuhimu.

Swali lako la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake lilitoka mkoa huu huu. Miaka ya 1930 pale Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, alikuwepo mkemia wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Alikuwa na kazi ya kutengeneza ramani ya udongo ya Afrika Mashariki yote, na akakutana na tatizo lako: kila anapopita kuna udongo mwekundu juu ya kilima, wa kijivu ubavuni, mweusi bondeni, halafu kilima kinachofuata mpangilio unarudia. Kwenye ramani ya nchi nzima huwezi kuchora kila kipande. Mwaka 1935 akapendekeza mpangilio wote uchukuliwe kama kitu kimoja, udongo uliofungamana kwa mteremko kama pete za mnyororo, na akauita katena. Ramani ya muda ikatoka mwaka 1936. Leo hakuna mahali duniani mtu anasoma udongo asifundishwe neno hilo, na wengi hawajui kwamba lilitoka Amani.

Kwenu pete zinafungamana hivi. Milima yenu ni ya miamba ya kale sana aina ya naisi. Miamba hiyo ikioza inaachia chuma, kalsiamu, sodiamu na mengine. Juu, maji yanapita haraka, hewa inaingia, chuma kinapata kutu, ndiyo ule wekundu. Maji yanayoteremka yanabeba vilivyoyeyuka. Yakifika mahali mteremko unapolala yanapunguza mwendo, jua linayakausha, na kitu cha kwanza kuganda ni kalsiamu, inakuwa vijiwe vyeupe vya chokaa ndani ya udongo. Sodiamu haigandi mapema hivyo. Inabaki ndani ya maji na kujipenyeza kwenye mfinyanzi kadiri kalsiamu inavyotoweka. Hapo ndipo kwenye vipara vyenu. Chini zaidi, maji yanakosimama masika nzima, unazaliwa mfinyanzi wa aina nyingine, ule unaovimba ukiloa na kusinyaa ukikauka.

Kwa hiyo mvua inayowanyeshea ni moja, ila maji yanayoufikia kila udongo si sawa.

Huo mweusi ni Vertisoli: mfinyanzi wa 30% au zaidi, nyufa za kiangazi, na ndani ukichimba unakuta nyuso zinazong'aa, zimesuguana kwa kuvimba. Wala weusi wake usiwadanganye kuwa mboji ni nyingi. Wekundu siwezi kuupa jina kwa mbali. Unaweza kuwa Luvisoli au Liksisoli. Vyote viwili vina mfinyanzi ulioshuka chini na madini ya kutosha, na kinachovitenganisha ni nguvu ya mfinyanzi kushika madini, mpaka ukiwa sentimoli 24 kwa kila kilo ya mfinyanzi. Hapo lazima maabara.

---

Machungwa_Muheza

Mzee, ahsante sana. Kumbe nimekaa chini ya Amani miaka yote sijui hilo la ramani.

---

Mwanafunzi_wa_Udongo

Shikamoo mzee. Mimi nasoma SUA. Kwenye mfumo wa Marekani tumefundishwa kwamba udongo wa nyanda kame unaingia daraja la Aridisoli. Je, huu wa Mkomazi tuuite hivyo? Na je, hatuwezi kutumia jina moja tu ili wafugaji wasichanganyikiwe?

---

Mzee_wa_Shimo

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na wengi hulipita juu juu.

Mfumo wa Marekani una madaraja makuu 12, na unahesabu hali ya unyevu wa udongo kuwa sehemu ya udongo wenyewe. Ili udongo huu uingie Aridisoli, lazima sehemu yake ya katikati iwe kavu zaidi ya nusu ya siku za mwaka zenye joto la kuotesha, na isipate siku 90 mfululizo za unyevu. Sisi tuna masika na vuli. Kwenye miaka ya kawaida udongo mwekundu wa Katibu unaweza kupata unyevu wa kuutoa kwenye kundi hilo, ukaingia daraja jingine, Alfisoli. Kipara cha kijivu kilicho hatua mia kutoka hapo hakipenyezi maji, kwa hiyo ndani kinaweza kuwa kikavu hata masika. Ukisema unyevu wake ni wa nusu ukame utakiita Natrustalfi, ndani ya Alfisoli. Ukisema ni wa ukame kamili utakiita Natrargidi, ndani ya Aridisoli. Shimo ni lile lile, nguzo ni zile zile, jina limehama daraja zima kwa sababu ya jambo ambalo bila kupima unyevu mwaka hadi mwaka huwezi kuliapia.

WRB haiingizi hali ya hewa kwenye makundi yake. Inauliza unachokiona na unachokipima shimoni. Na inauliza kwa mpangilio: Solonetzi inakuja kabla ya Vertisoli, kwa hiyo udongo wenye dalili za vyote viwili utaitwa Solonetzi kwanza. Kwa nyanda za malisho naona huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa sodiamu inamuumiza mfugaji kuliko nyufa. Andika majina yote mawili kwenye ripoti yako, lakini ukienda kijijini tumia majina ya pale. Wenyeji wameshaugawa udongo wao kwa rangi, kwa miti na kwa namna unavyopitika, na mara nyingi mpaka wao unakaa karibu sana na ule utakaoupata kwa mashimo.

Jambo moja msiloambiwa darasani vya kutosha: tazameni vichuguu. Mchwa hupandisha udongo wa chini kuja juu. Kwenye eneo lenye chokaa chini, dondosha tone la asidi haidrokloriki ya asilimia 10 kwenye udongo wa kichuguu. Ukichemka, umejua kilichopo chini kabla hujashika sururu.

---

AfisaMifugo_Handeni

Habari zenu. Shikamoo mzee, nimejifunza mengi hapa.

Kaka Katibu, mimi ni afisa mifugo, nipo Handeni, tunayo maeneo yanayofanana na yenu. Ningependa kuongeza upande wa mifugo.

Kwanza msiufute ule udongo wa kijivu kwenye hesabu zenu. Ng'ombe wanaulamba kwa sababu nyasi zina chumvi kidogo. Tatizo ni kwamba wakishazoea wanashinda pale, wanakanyaga kukiwa bado kumeloa, na kila kwato inazidi kuziba. Pangeni siku na njia ya kupita. Mkiweka jiwe la chumvi karibu na josho au maji, mtaona msongamano pale unapungua.

Pili, kwenye udongo mwekundu angalieni kama ng'ombe wanatafuna mifupa. Wafugaji wengi wanadhani ni tabia tu, lakini ni dalili ya upungufu wa fosforasi, ambao kwenye udongo mwekundu wa nyanda hizi ni jambo la kawaida: udongo ukiwa nayo kidogo, nyasi zinakuwa nayo kidogo, hasa kiangazi. Mifupa ya mizoga inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, ng'ombe anapooza na kufa. Kwa hiyo jiwe mnalonunua liwe lenye fosforasi, lisiwe chumvi tupu.

Tatu, kwenye wekundu mpumzishe sehemu kwa zamu. Waparakuyo hapo kwenu wana utaratibu wa alalili, sehemu inayofungwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa wakati wa kiangazi. Uandikeni kwenye sheria ndogo za kijiji ili na wasio wafugaji wauheshimu. Nyasi zikiachwa zitoe mbegu hamtahitaji kununua nyingi. Vipande vilivyobaki uchi kwenye mteremko, chimbeni makingamaji ya nusu mwezi, mgongo uelekee bondeni, pandeni Cenchrus ndani yake. Hapo maji yanapenya, tofauti na kule kwenye kijivu.

---

Katibu_Mkomazi

Shikamoo mzee, ahsante dada, ahsanteni wote. Chokaa tumeachana nayo. Kuhusu mifupa, ni kweli kabisa, ng'ombe wetu wanatafuna sana mwezi wa tisa na wa kumi.

Nina mawili. Moja: nasikia jasi inatibu udongo wa magadi, na Makanya si mbali na sisi. Inawezekana? La pili ni zito zaidi. Kijiji kilishapitisha kuchimba lambo la mifugo pale pale kwenye kijivu, kwa hoja kwamba maji yanasimama yenyewe. Mchimbaji ameshakuja kuangalia. Nasubiri neno lako mzee.

---

Mzee_wa_Shimo

Marahaba Katibu.

Jasi ni dawa ya kweli, na Makanya, Same, inachimbwa. Ina kalsiamu inayoyeyuka bila kujali pH, kalsiamu inachukua nafasi ya sodiamu kwenye mfinyanzi, na sodiamu inabaki huru kuoshwa. Tupige hesabu. Kuondoa sentimoli moja ya sodiamu kwa kilo, katika kina cha sentimita 30 kwenye hekta moja, unahitaji takriban tani 3.6 za jasi safi. Wewe una 6.6. Ili ushuke chini kidogo ya ule mpaka wa asilimia 15, tuseme ufike 2.6, lazima uondoe 4. Hizo ni zaidi ya tani 14 kwa hekta moja tu. Halafu lazima uwe na maji matamu mengi ya kuiosha hiyo sodiamu ishuke chini, na mahali pa kutokea. Mkomazi maji hayo mtayatoa wapi? Kwenye shamba la mpunga lenye mfereji mtu anaweza kufikiria. Kwa malisho ya mvua, fedha yenu itapotea.

Kwenye vipara fanyeni kazi ndogo. Msilime kabisa. Zile sentimita 15 za juu ndizo pekee zinazoweza kubeba jani, na jembe au trekta litapandisha tabaka la magadi juu. Kateni matawi ya migunga, yatandazeni juu ya vipara ncha zikielekezana, wekeni samadi chini yake. Matawi yanazuia kwato, yananasa vumbi na mbegu zinazopeperuka, na kivuli kinapunguza gamba. Anzeni na kingo za kipara, palipo na jani tayari, msogee ndani kidogo kidogo. Zitakazoshika kwanza ni nyasi za pale pale zinazovumilia chumvi, akina Sporobolus, na si Cenchrus. Miswaki iacheni imesimama yote, hata iliyokauka upande.

Sasa lambo. Hapa nakuomba usimame kwenye kikao useme kwa sauti: lisichimbwe pale.

Maji kusimama juu hakumaanishi kuwa ukuta utakaojengwa kwa udongo huo utayashika. Mfinyanzi wa sodiamu unatawanyika, umeshaona au utaona kwenye glasi. Ukijenga tuta la lambo kwa udongo huo, litakauka kiangazi lipate ufa mwembamba. Masika ya kwanza maji yakijaa yanaingia kwenye ufa, chembe za kingo zinaachana na kuondoka na maji, ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa bomba ndani ya tuta. Kwa nje hakuna kinachoonekana mpaka siku tuta linafunguka. Malambo ya udongo wa namna hii hubomoka mara nyingi yakijaa kwa mara ya kwanza. Na hata likisimama, maji yake yatakuwa yale yale yasiyotua, matope mwaka mzima. Kuna jambo jingine: mkikata mfereji wa kuleta maji kwenye kijivu, mtaanzisha korongo. Udongo wa juu mwembamba ukishachanwa, maji yanakula tabaka la chini kwa ndani, ardhi inaanguka yenyewe. Nimeona korongo la kuzamisha gari zima lililoanza na njia ya ng'ombe.

Lambo litafutiwe mahali ambapo mwekundu unaanza kuwa wa hudhurungi, kabla ya kijivu, kwenye mkondo mdogo. Huko mfinyanzi upo na kalsiamu bado ipo. Mbuga nayo si mahali pa kukimbilia, nyufa zake zitavujisha maji kila kiangazi.

Kabla ya kuamua, chimbeni mashimo kwa mstari mmoja kutoka juu kwenda bondeni: moja kwenye wekundu, moja kwenye hudhurungi, moja kwenye kijivu, moja mbugani. Kila moja urefu wa mtu mmoja kulala, upana wa kuweza kugeuza koleo, kina cha mita moja na nusu au hadi mwamba. Ukuta mtakaousoma uangalie jua wakati wa kusoma, na udongo mnaoutoa msiumwage upande huo. Pigeni mstari kwa kisu kila rangi au ugumu unapobadilika, pimeni kina kwa futi ya fundi, chukueni udongo wa kila tabaka kwenye mfuko wake, mkianzia chini kwenda juu ili wa juu usiwaangukie. Andikeni kina ndani ya mfuko na nje. Wa kijivu mpeleke maabara waongeze kalsiamu, magnesiamu na upitishaji umeme. Wa mwekundu waombeni mfinyanzi na uwezo wa kushika madini wa tabaka la pili, ndipo nitakupa jina lake. Mashimo yawekewe miiba usiku, ndama wasitumbukie.

Kwenye shimo la hudhurungi chukueni donge kila nusu mita hadi chini, mlitie kwenye glasi. Tuta la lambo litajengwa kwa udongo wa kina hicho, si wa juu. Donge la kina chochote likitoa wingu, sogeeni mita hamsini kupanda mlima mchimbe tena. Mwambieni mchimbaji asubiri, na asiposubiri mtafuteni mwingine. Ukipata picha za kuta nne na karatasi ya vipimo, zilete hapa nizisome.